Watoto Watatu wa Barua ya Sheha

Barua ina mistari saba, imepigwa chapa kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne. Sheha anataja shehia yake, wilaya na mkoa. Anamtaja mama mdogo kwa majina yake matatu. Anaandika kwamba mtajwa ni mkaazi wake, anamfahamu kwa zaidi ya miaka kumi na tano, na anaishi katika nyumba ya mumewe aliyeko nje ya nchi, yeye pamoja na watoto wake watatu. Anaomba apewe msaada kila atakapofika. Chini pana sahihi, tarehe na muhuri wa duara.

Katika bahasha ya nyaraka nilizopewa kutafsiri mwaka jana, hakuna iliyoandikwa vizuri kuliko hiyo. Sisemi hivyo kwa sababu namjua sheha. Vyeti vingine vyote ni fomu zilizojazwa, na mwandishi wake ni nafasi tupu iliyoachwa na mpiga chapa. Barua ya sheha ni maandishi ya mtu anayesema analolijua na kunyamaza panapoishia ujuzi wake. Hasemi mume yuko Marekani, anasema yuko nje ya nchi, maana Marekani hakuiona. Hasemi ndoa yao ni nzuri. Anasema nyumba ni ya nani, na ndani mna nani. Mwalimu wangu wa semina angeiita matini isiyo na mapambo. Mimi naiita matini safi, na ndiyo iliyonishinda.

Ami yangu yuko Ohio. Ameshapata uraia wa Marekani na anawaombea mkewe na watoto wao wahamie kwake. Ombi lenyewe linapelekwa kwa fomu iitwayo I-130, moja kwa ajili ya mke na nyingine kwa kila mtoto, na kila waraka wa Kiswahili unaoambatanishwa lazima uwe na tafsiri ya Kiingereza. Kwa ukoo wetu, mtu anayesoma shahada ya umahiri na ambaye tasnifu yake inahusu tafsiri ni mtu aliyekaa tu akiingojea kazi hiyo. "Si ndiyo kazi yako wewe?" ami aliniuliza kwa simu, hata shikamoo yangu hajamaliza kuiitikia. Wiki hiyohiyo mama mdogo alipanda boti kutoka Unguja akaniletea bahasha hadi Dar es Salaam. Hakutaka kumkabidhi mtu.

Kanuni inayoitawala kazi hiyo, 8 CFR 103.2(b)(3), ni sentensi moja. Inataka waraka wenye lugha ya kigeni uambatane na tafsiri nzima ya Kiingereza ambayo mfasiri ameithibitisha kuwa ni kamili na sahihi, pamoja na uthibitisho wake kwamba ana uwezo wa kutafsiri kutoka lugha hiyo kwenda Kiingereza. Haitaki shahada. Haitaki kiapo mbele ya hakimu. Unaandika aya fupi, unaweka jina, anwani, tarehe na sahihi, basi.

Nimesoma nadharia za tafsiri kwa miaka miwili na sijakutana na sentensi inayojiamini kiasi hicho. Sisi tuliokulia kwenye *Kitangulizi cha Tafsiri* cha Mwansoko, kilichotolewa na TUKI mwaka 1996, tulifundishwa kwamba kuna tafsiri ya neno kwa neno, kuna sisisi, kuna ya kisemantiki na kuna ya mawasiliano, na kwamba anayechagua mojawapo anakubali kupoteza kitu. Nyuma ya mgawanyo huo yuko Peter Newmark, ambaye darasa zima humnukuu hata pale asipohitajika. Kanuni ya uhamiaji haina habari na mgawanyo wowote. Inasema kamili na sahihi, kana kwamba ukipata moja umepata na nyingine.

Hata hivyo sitaki kuidharau aina hii ya uandishi. Tafsiri ya nyaraka ina adabu zake, na baadhi ya adabu hizo ningependa wafasiri wa fasihi waziige. Mfasiri wa cheti anatakiwa aeleze kila kilichopo kwenye karatasi: muhuri wa duara, wino wa zambarau, mwandiko wa mkono pembeni, neno lililokatwa. Na pale asipoweza kusoma, anaandika kwenye mabano ya mraba kwamba pahala hapo hapasomeki. Niambie ni riwaya gani iliyotafsiriwa uliyoisoma ambamo mfasiri amekiri kwamba mstari fulani ulimshinda. Sisi wa fasihi tunaziba. Mfasiri wa cheti anaacha shimo, na analionyesha kwa kidole.

Nilianza na hati ya ndoa, nikidhani ndiyo nyepesi. Ina jina la mume, la mke, la walii, la mashahidi wawili, na mstari wa mahari: kiasi kilichotajwa, kiasi kilicholipwa, kiasi kilichobaki. Rasimu yangu ya kwanza iliita mahari "dowry", kwa sababu ndivyo tunavyosema sote tukizungumza Kiingereza cha shuleni. Usiku nikaamka na wasiwasi. Neno hilo kwa Kiingereza chake ni mali anayotoka nayo mwanamke kwao kwenda kwa mume. Yaani nilikuwa nimegeuza mkondo wa fedha: kwa tafsiri yangu, babu yao upande wa mama ndiye aliyemlipa ami. Nikajaribu "bride price". Hilo nalo linamfanya mke kuwa bidhaa na wazee wake kuwa wauzaji, wakati mahari katika sheria ya Kiislamu ni haki ya mke mwenyewe, si ya baba yake, na Sura ya An-Nisaa imeagiza hivyo waziwazi.

Vitabu vya Kiingereza vya sheria ya Kiislamu vina neno lao, "dower". Ndilo nililoliweka. Ni sahihi. Lakini nani, nje ya mahakama, analijua? Msomaji wa kawaida ataliona kama "dowry" lililoandikwa vibaya, atalisahihisha kichwani mwake, na kwa kulisahihisha atarudi palepale nilipokuwa usiku ule. Nafikiri hili ndilo tatizo halisi la usahihi, ambalo nadharia zetu hulipita haraka: neno linaweza kuwa sahihi kwenye kamusi na bado likamfikia msomaji likiwa kosa.

Mstari wa mahari ulikuwa na jambo jingine. Sehemu iliyobaki haijalipwa hadi leo. Nilipomsomea ami rasimu, akacheka, kisha akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hilo la kubaki si lazima wajue Wamarekani." Nikamwambia ami, kanuni inataka tafsiri nzima. Mama mdogo aliposikia, aliniambia nimeanza kumtetea bila kunituma.

Majina na saa sitayazungumzia sana. Kila anayeandika kuhusu tafsiri ya Kiswahili hukimbilia saa zetu, na ni kweli kwamba saa tatu usiku kwenye kadi ya kliniki si saa tatu ya Ohio, lakini hilo ni hesabu ya kutoa sita, halina uchungu. Majina yana uchungu kidogo. Kwetu mtu ana jina lake, la baba yake na la babu yake. Fomu inataka jina la ukoo. Kwa hiyo babu wa mama mdogo anakuwa ukoo wa mama mdogo, babu wa watoto anakuwa ukoo wa watoto, na mama na wanawe wanasomeka kama watu waliokutana bandarini.

Sasa barua.

Cheo chenyewe nilikiacha kama kilivyo, Sheha, nikaongeza maelezo mafupi kwamba ni afisa wa serikali wa ngazi ya chini kabisa Zanzibar, huteuliwa, hapigiwi kura. Kumwita chifu kungemvisha manyoya. Kumwita meya kungempa ofisi yenye kiyoyozi. Hapo sikusumbuka. Nilisumbuka mwishoni mwa sentensi ndefu, penye maneno matatu: "watoto wake watatu".

Fomu za ami zina watoto wawili.

Wa tatu ni binti wa miaka kumi. Aliyemzaa ni dada mkubwa wa mama mdogo, aliyefariki wiki ya uzazi. Mtoto aliletwa kwa mama mdogo akiwa na siku chache, na hajawahi kulala nyumba nyingine tangu hapo. Mama mdogo humwita mwanangu. Ami, kwenye simu, humwita mwanangu. Mimi humwita mdogo wangu. Hakuna hata mmoja wetu anayesema kwa tafsida. Kwa Kiswahili mtoto wa dada yangu ni mwanangu, ndiyo maana dada wa mama anaitwa mama, mkubwa au mdogo, na ndugu wa baba wa kiume anaitwa baba. Ukitaka kutofautisha aliyezaa na asiyezaa unaongeza maneno: wa kumzaa, wa tumbo langu. Neno lenyewe halina uzio huo. Kiingereza kimeweka uzio ndani ya neno. "Child" ni wako, "niece" ni wa ndugu yako, na baina yao hakuna mlango.

Sheria ya uhamiaji ya Marekani nayo ina tafsiri yake ya mtoto: awe hajaoa wala kuolewa, awe chini ya miaka 21, na awe amepatikana kwa njia zilizoorodheshwa, kama kuzaliwa, au kuwa mtoto wa kambo kutokana na ndoa iliyofungwa kabla hajatimiza miaka 18, au kuasiliwa kabla ya miaka 16 kwa masharti yake. Kulelewa na dada wa mama tangu siku za kwanza si mojawapo. Hakuna aliyewahi kwenda mahakamani kumwasili binti huyu. Nani angewaza kwenda mahakamani kuomba mwanawe? Mwanasheria aliyemsaidia ami alimshauri awaandike wawili, halafu la wa tatu lije kutazamwa. Mpango ni kwamba atabaki kwa bibi.

Kwa hiyo karatasi moja ingesema watoto watatu, na fomu ingesema wawili. Afisa anayesoma mafaili mengi kwa siku haoni malezi hapo, anaona hesabu isiyolingana. Na sheria hiyohiyo inasema anayepatikana amepotosha jambo la msingi ili apate viza anaweza kufungiwa mlango huo maisha. Ami alikuwa na jibu rahisi. "Andika watoto wake. Idadi ya nini?"

Nilikaa na maneno hayo mawili, "watoto wake", kwa siku mbili. Yalikuwa sahihi. Kila mtoto aliyemo ndani yake ni wake. Lakini hayakuwa kamili, maana sheha aliandika idadi na mimi ningeifuta. Nikiandika "watoto wake watatu" kwa Kiingereza, nimekuwa kamili, ila msomaji wa Kiingereza ataelewa kwamba mama mdogo amezaa watatu na kumficha mmoja, na hilo si sahihi. Ile sentensi ya kanuni ilipasuka hapo hapo alipo binti wa watu. Ningeweza kuwa kamili au ningeweza kuwa sahihi, na karatasi ya uthibitisho ilinitaka nisaini kwamba nimekuwa vyote viwili.

Muhula uliopita niliandika makala ya semina nikiisifu *Mabepari wa Venisi* ya Nyerere, ya mwaka 1969. Hoja yangu ilikuwa kwenye jina. Shakespeare ana mfanyabiashara mmoja. Nyerere ana mabepari, na ni wengi. Neno bepari lilitufikia kutoka lugha za Kihindi likiwa na maana ya mfanyabiashara tu, lakini kufikia 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, lilikuwa na harufu nyingine kabisa, na mfasiri aliijua harufu hiyo kuliko mtu yeyote nchini. Niliandika kwamba huo ni ujasiri, kwamba mfasiri ana haki ya kuisoma matini chanzi kwa macho ya wakati wake. Bado naamini jina lile ni zuri. Ila nilipoirudia makala yangu baada ya kazi ya bahasha, niliona nimetoa sifa kirahisi sana. Nyerere aligeuza mmoja kuwa wengi na hakuna mtu wa Venisi aliyekosa boti kwa sababu hiyo. Mimi niliombwa kupunguza mmoja kutoka kwa watatu. Makala yangu haikuwa na neno lolote la kunisaidia kujua kama huo pia ni ujasiri.

Mama mdogo alipendekeza njia ya tatu: aombwe sheha aandike barua nyingine. Akaenda mwenyewe. Sheha alimsikiliza, akamwambia yuko tayari kuandika watoto wawili, ila wamwambie amtoe yupi. Mama mdogo alirudi na barua ileile.

Basi nilifanya hivi. Niliandika "her three children", kamili, na mbele yake nikafungua mabano ya mraba na kuandika maelezo ya mfasiri: kwamba neno la Kiswahili lililotumika hujumuisha watoto wa dada, na kwamba mmoja wa watatu hawa ni binti wa marehemu dada yake mtajwa, anayelelewa katika nyumba hiyo. Nikasaini. Ami aliona maelezo yako sawa, hata yalimpa ahueni. Faili likaenda.

Nikiyahakiki maelezo yale kama ningemhakiki mfasiri mwingine, ningesema ni ya kweli na yana kasoro kubwa. Kanuni ilinitaka tafsiri, haikunitaka ufafanuzi wa ukoo wetu. Sheha, ambaye si msomi wa tafsiri, alikataa kumtoa mtoto hata kwa idadi. Mimi nilimwacha kwenye idadi na kumtoa kwenye mabano. Na nilifanya hivyo kwa sauti ya kitaalamu, ile sauti isiyo na mtu, ambayo darasani tunaambiwa ni unyenyekevu wa mfasiri. Sidhani ulikuwa unyenyekevu. Nilikuwa nazungumza na afisa nyuma ya mgongo wa sheha, kwa lugha ambayo sheha haisomi, nikimwambia kwamba alichoandika mzee huyu kisichukuliwe kama alivyokiandika. Sijui kama palikuwa na njia nyingine salama. Lakini tafsiri inaweza kuwa salama na ikawa mbaya, na hii ni mbaya.

Miezi miwili baadaye nilikwenda Unguja. Mama mdogo aliniomba nimsomee Kiingereza changu kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa, tukiwa barazani. Alicheka kwenye mahari. Tulipofika kwenye barua nikayasoma mabano: mmoja wa watatu hawa ni binti wa marehemu dada yake. Alitulia. Kisha akasema, "Hukuandika kwamba nilimnyonyesha."

Ni kweli sikuandika, na nilikuwa najua. Mtoto alipoletwa, mama mdogo alikuwa bado ananyonyesha mwanawe wa pili, akampa ziwa la pili huyu mgeni. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi Zanzibar, kunyonya mara tano kabla ya kutimiza miaka miwili kunamfanya mtoto kuwa wa mnyonyeshaji, na wa mume aliyesababisha maziwa hayo, kiasi kwamba hawezi kuolewa na yeyote kati ya ndugu zake wa nyumba ile. Hatarithi, lakini kwa baba huyo ni maharimu kama binti wa kumzaa. Yaani ipo sheria inayomjua ami kama baba yake, tena kwa hesabu na kwa muda uliowekwa. Sikuiweka kwa sababu niliona haitamsaidia afisa. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Mama mdogo hakukasirika. Aliuliza tu kama linaweza kuongezwa. Nikamweleza kwamba faili limeshakwenda, ila maombi ya I-130 yakikubaliwa, kituo kinachopokea nyaraka za viza hutaka vyeti vipelekwe tena, na barua ya sheha inaweza kwenda navyo ikiwa na tafsiri mpya. Akasema basi andika.

Nimeanza. Maelezo ya sasa yana mistari minne na ni marefu kuliko sentensi yenyewe ya sheha. Kwa Kiswahili tungesema watoto wale wamechangia ziwa, na yeyote anayesikia angeelewa yote. Kwa Kiingereza nimeandika "nursed", nikafuta, kwa sababu linanuka hospitali. Nimeandika "foster", nikafuta, kwa sababu huko maana yake ni mtoto wa serikali aliyewekwa kwa watu kwa muda. Kwa sasa pale pahala pana mabano ya mraba, ndani yake hamna kitu.